Zimwi la Kubembelezwa

Ndani ya treni nilikaa mkabala na mama mmoja fundi cherehani, pini bado zimechomekwa kwenye kola yake. Alikuwa amemkabidhi simu kijana aliyekaa ubavuni mwake, mpiga ngoma wa bendi ya harusi, ajaribu gemu aliyoitengeneza binti yake.

"Unapekua vyumba vya nyumba yenye giza," akamweleza. "Ukikuta zimwi, usikimbie. Lipigepige mgongoni kwa mdundo mpaka lilale."

"Mdundo ndiyo kazi yangu, mama," kijana akajigamba. Akaliwa. Akarudia, akaliwa tena. Nikajifanya natazama dirishani. "Gemu yenyewe mbovu! Mdundo wangu haujayumba hata kidogo."

"Ndiyo maana umeliwa, baba. Likianza kusinzia, unapunguza. Kwani wewe umewahi kulaza mtoto?"

"Mdundo haupunguzwi!"

"Mwanangu kajifunza kwenye kiganja changu, nikimbembeleza mdogo wake. Leo anaionyesha gemu yake mbele za watu. Baba yake kasema wakiicheka, aiache, arudi kumsaidia kuuza dukani. Waicheke! Mimi nakaa mstari wa mbele, na nitapiga makofi peke yangu."

Treni ikasimama kwenye kituo cha mama kushuka. Akanyoosha mkono achukue simu yake.

"Haupunguzwi," kijana akaendelea kubisha, ila kidole chake kiligonga kioo polepole, kisha polepole zaidi. "Subiri, mama, nakuomba. Limefumba jicho moja."

Mama akasogea, akauzuia mlango kwa mguu usijifunge, akatugeukia behewa zima, kifua mbele.

"Nyamazeni jamani, mtoto analala!"