Mama Sikio Anastaafu na Mfuko Uliokwenda Upande

Miaka ishirini na minne! Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Sikio anarudisha funguo za chumba cha mazungumzo na kwenda kupumzika. Nimeombwa mimi, dereva wa kituo, niandike wasifu wake. Wenye digrii wapo, lakini nani kati yao anajua kunogesha habari kama mimi? Nimeendesha mabalozi, nimevuka mipaka mpaka pasipoti ikajaa mihuri, na msikilizaji kama huyu sijamwona.

Kwa wageni wetu: hapa ndipo manusura wa mauaji ya kimbari huja kusimulia yaliyowapata, nasi tunayarekodi yasipotee. Mama alianzia mapokezini, akasomea ushauri nasaha jioni, akaingia chumbani. Ndipo alipoleta mtindo wake. Haketi kumkabili mtu kama polisi. Viti hukaa ubavu kwa ubavu, vikitazama dirisha. Na swali lake la kwanza si nani aliuawa. Ni hili: kwenu mchekeshaji alikuwa nani?

Basi hapo utasikia! Babu aliyekoroma mpaka mbuzi wakakata kamba. Shangazi aliyejitia homa kila siku ya kulima. Mheshimiwa mmoja alipita koridoni akaniuliza kama humo ndani mna kikao cha harusi. Nikamwambia, mzee, huo ni ushuhuda. Hakuamini mpaka kilio kilipofuata. Maana kilio huja, na Mama hababaiki wala hamkimbizi mtu. Kwake marehemu huingia kwanza wakiwa hai, ndipo wanaliliwa.

Mmoja tu alimshinda: jirani yetu, fundi cherehani. Kila wiki anakuja, anakunywa chai, anayatukana mapazia yetu, anaondoka. Kwao alibaki peke yake. Asiposema, hakuna mwingine wa kusema kwamba watu wale waliwahi kuishi. Na aliapa kwamba akisema, atasema na Mama tu. Tuliposikia Mama anastaafu, tukajua ndiyo basi tena.

Mama hakumbembeleza. Aliongeza kiti cha tatu, akamkalisha mrithi wake, dada wa mapokezi. Fundi akanuna. Wiki iliyofuata akaushambulia upindo wa sketi ya dada, eti umeshonwa kwa miguu. Jumanne iliyopita akaurudia, na dada, kachoka, akamjibu kwamba kama anajua sana, basi amfundishe.

Fundi akaangua kicheko. Akasema hivyo hivyo ndivyo mdogo wake wa kike alivyokuwa akimjibu; alimfundisha kushona, na kila mfuko wa kushoto ukaenda upande. Akaruhusu mashine ya kurekodi iwashwe. Akawataja watu wake wote, mmoja mmoja, mpaka siku walipokuja kuchukuliwa. Katikati Mama aliinuka kama anayefuata sukari, asirudi. Fundi akaendelea na dada mpaka jioni. Mimi, niliyepasukiwa tairi mbili mlimani nisitetereke, nilisimama koridoni nikilowesha kola.

Leo Mama amevaa gauni jipya, zawadi ya fundi. Mfuko wa kushoto umekwenda upande. Asithubutu mtu kumwambia akarekebishe.

Asante, Mama Sikio. Sasa nenda nyumbani, nawe ukasikilizwe. Wajukuu wakikuchosha, nipigie, gari lina mafuta. Tunakuombea maisha mema, marefu, yenye vicheko, na mfuko huo usinyooke kamwe.