Kinywa Changu Kiliitikia Hodi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana leo nimesimama mbele yenu mimi ambaye ibada nyingi nimezisikia kutokea nje, nikiwa nimeegemea ukuta, tayari kuondoka.

Ni hivi majuzi tu. Niliamka asubuhi Kurasini, nikakunja shuka, nikabeba begi, nikatoka. Sikuwa na mpango. Jirani mmoja aliyekuwa anapiga mswaki uani aliniuliza, "Braza, safari ya wapi?" Nikamwambia, "Nikifika nitajua." Akatema povu, akacheka, akasema, "Wewe kweli kichwa chako kina magurudumu!" Alisema kweli. Ndugu zangu, nilikuwa nimefungwa na roho ya kutangatanga.

Nilizaliwa Temeke. Mama alipofariki nililelewa kwa shangazi, halafu kwa baba mdogo, halafu kwa watu waliomfahamu baba mdogo. Kila nilipoanza kuzoea ubao wa shule fulani, nilihamishwa. Darasa la sita nikaacha kabisa. Lakini kuuliza sikuacha! Nilikuwa mtu wa kuuliza hata visivyonihusu: kwa nini kreni haianguki, mchonga vinyago anajuaje uso umejificha upande gani wa gogo. Na swali moja lilikuwa halinipi usingizi. Nilikuwa nawaona wenzangu jioni wakisema, "Haya, mie naenda nyumbani," na mabega yao yanalegea hata kabla hawajaondoka. Nikawa nauliza, hiki kinacholegeza mabega ni kitu gani? Dereva mmoja wa lori alinijibu, "Nyumbani ni pale nikikohoa mtu anauliza vipi." Mwingine akaniambia nikanywe maji, jua limeniingia kichwani.

Mimi nilikuwa na vyumba. Mbagala, Tandika, Mwananyamala, Kurasini, kote nimepanga. Lakini kila nilipoanza kujua jina la mwenye genge la mboga mtaani, miguu iliwasha. Nikawa nahama. Nilidhani ni uhuru, kumbe ni kifungo!

Ndipo likanipata jambo. Kwenye yadi ya makontena nilikokuwa nafanya kibarua, mnyororo uliteleza, mzigo ukanigonga ubavuni. Nikapelekwa hospitali. Muuguzi akaja na fomu, mama wa watu, mpole, lakini mkavu.

"Ndugu yako wa karibu nani?"

"Sina, sista."

"Kila mtu anaye. Kwenu wapi?"

"Niko tu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kaka yangu, 'niko tu' siyo mtaa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, na mimi nilicheka nao, ingawa mbavu zilikuwa zinauma. Lakini alipokuwa anaondoka niliona kwenye fomu mstari wa ndugu wa karibu ameuacha mweupe, bila neno. Ndugu zangu, niliogopa! Nilijiuliza, ningekufa pale, wangenipeleka wapi? Nikalia, nikaomba. Sikujua maombi marefu. Nilisema, "Bwana, kama ninako nyumbani, nionyeshe. Kama sina, niambie, niache kuhangaika." Basi.

Nilipopona, nilirudi chumbani kwangu, na siku chache baadaye ndiyo hiyo asubuhi niliyowaambia. Nilipanda gari la kwanza lililosimama, nikapanda na la pili, nikashuka kwenye barabara ya Bagamoyo kwa sababu tu niliona njia ya mchanga ambayo sikujua inaishia wapi. Ilikuwa hapa Boko. Nikatembea nikisoma mabango ya milangoni. Bango moja liliandikwa kwa chaki: CHUMBA KIPO, WALEVI HAPANA.

Mwenye nyumba ni Mama Tekla, ambaye wengi wenu mnamjua, yule mama wa Masasi anayeimba sauti ya pili hapa kanisani. Nikamwamkia, nikaulizia chumba. Akanitazama begi, akanitazama viatu, akasema, "Marahaba, baba. Ufunguo wa chumba uko kwa fundi. Kaa hapo nikauchukue." Akaniacha sebuleni kwake, mtu asiyenijua hata jina!

Nikakaa kwenye ncha ya kiti. Mara nikasikia nje, "Hodi!"

Nikatazama mlango. Mnajua desturi yetu, hodi inaitikiwa na mwenye nyumba. Mimi ni nani pale? Ikaja ya pili, "Hodi wenyewe!" Nikabana pumzi kama mwizi. Nikaanza kujiuliza, hivi katika vyumba vyote nilivyopanga, niliwahi kubishiwa hodi lini? Sikukumbuka hata mara moja. Sikukaa mahali kiasi cha mtu kunijia.

Ikaja ya tatu, taratibu. Na mnajua, baada ya ya tatu mtu anaondoka. Nikasikia kandambili zinageuka kwenye mchanga.

"Karibu!"

Ndugu zangu, ilikuwa sauti yangu! Sikuipanga. Ilitoka kifuani kwa nguvu, kama imekaa humo miaka inasubiri. Na ilipotoka, mabega yangu yakashuka. Yalishuka yenyewe, mabega haya haya mnayoyaona!

Akaingia Bi Zuhura, jirani, mke wa yule mzee mwenye asili ya Kiarabu mwenye duka pale kona. Mkononi ana sahani ya mkate wa kumimina.

"Habari za hapa?"

"Njema kabisa," nikajibu, wakati za hapo nilikuwa sizijui hata moja.

"Wewe ndiye yule mpwa wa Mama Tekla kutoka Masasi?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuulizia chumba."

Akashika kiuno. "Hujapata chumba, na unakaribisha watu? Haya, nimekaribia." Akakaa.

Mama Tekla aliporudi nikasimama kwa adabu. "Mama, una mgeni."

"Mgeni yupi?" Akachungulia. "Zuhura? Zuhura mgeni? Watoto wetu wamekua kwenye chungu kimoja! Mgeni ni wewe, baba!"

"Usimseme," akadakia Bi Zuhura. "Mwenzio kanikaribisha. Wewe hunikaribishagi, unanituma jikoni."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mimi nikageukia ukutani nikafuta macho. Niliomba nionyeshwe, na nilionyeshwa nikiwa sijafunguliwa hata mlango wa chumba.

Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha linatazama bafu la jirani. Mama Tekla akauliza, "Utakaa muda gani?" Nikamwambia ukweli, sijui, sijawahi kukaa. Akanipa ufunguo. "Basi anza na leo. Ule kwanza."

Hii ni Jumapili yangu ya tatu. Miguu bado inawasha asubuhi, siwadanganyi. Bado nauliza maswali. Ila hofu ya ule mstari mweupe imeniacha, na aliyeiondoa ni Bwana. Ninamshukuru. Nawashukuru na wale mama wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, walionicheka kwa upendo.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango, begi liko magotini, nakuona. Sikuambii uache safari. Nakuambia umwamini Bwana, maana nilidhani miaka yote mimi ndiye ninayebisha hodi kwa Mungu. Yeye ndiye aliyesimama nje, anabisha, wala kandambili zake hazijageuka. Fungua kinywa, ndugu yangu. Neno lenyewe unalijua.