Kidole Gumba cha Mzee Mikeka

Benchi la Sabiri liko nyuma ya stendi ya Chanika, hapa Handeni, pale magari ya Kang'ata yanapogeuzia. Nasema benchi kwa heshima tu. Ni kipande cha nguzo ya umeme kilicholazwa juu ya matofali, upande mmoja umezama, kwa hiyo kila anayekaa upande wa juu huteremka pole pole mpaka anamfikia mwenzake, na hapo ndipo maneno huanza. Sabiri ana jiko la mkaa, birika, vikombe visivyo na masikio na sahani ya kashata. Hufika kabla jua halijachomoza, na kahawa ikiisha hukunja vyake akaondoka, hata kama mtu ameachwa katikati ya sentensi.

Asubuhi hiyo aliyeanza ni Jabiri, fundi simu, wanayemwita Mkaguzi kwa sababu hakuna kitu asichokifungua kuona kilivyo ndani. Usiku uliopita televisheni ilikuwa imerudia filamu moja ya zamani, na ndani yake, kama kawaida, Mzee Mikeka alikufa. Mzee Mikeka mnamjua. Kama hamlijui jina, uso mnaujua: baba wa bibi harusi, mlinzi wa tajiri, mgonjwa wa kitanda cha pembeni. Miaka thelathini yuko kwenye filamu na hajawahi kufika mwisho wa hata moja. Kwenye mabango huwa hayumo. Jina lake hupita mwishoni kabisa, wakati watu wameshainuka kutafuta viatu.

Jabiri alisema alivyoona yeye, yule mzee si mwigizaji. Mwigizaji hulia, hucheka, hupigana, hupenda. Yule anajua kulala chali.

Alisema hivyo akimtazama Mhina kwa pembeni, na wote walijua kwa nini. Mhina ni mkulima, umri umeshavuka sitini, kofia yake ya kufumwa haimtoki kichwani, na pale benchini jina lake ni Jeneza. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuna mtu wa Handeni ambaye hajasimuliwa kwamba Mhina alimbeba Mzee Mikeka begani kwa mikono yake miwili, kule Korogwe, filamu ilipopigwa pembeni ya mashamba ya mkonge, na kwamba tangu siku hiyo wao ni ndugu.

Mhina aliipuliza kahawa yake, akanywa, akaiweka chini. Akamwambia Jabiri kwa upole kwamba kulala chali si kazi ndogo, na kama anabisha alale pale pale, Sabiri ammwagie kahawa ya moto tumboni, waone atatulia kiasi gani.

Sabiri alisema kahawa yake si ya kumwagia watu. Lakini kwa kuwa ameguswa, akatoa ya kwake. Kwa jinsi alivyomchunguza, yule mzee haigizi kabisa, bali husinzia kweli. Wenye filamu wanamjua, humpa wali na maharage ya nazi, wakamngoja, akipitiwa tu wanawasha kamera.

Valerian akatikisa kichwa, akawahurumia wote wawili. Huyu ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Babu yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akazaa, akazikwa Korogwe. Kwa hiyo yeye na Mhina Mzigua ni watani, na utani wao hauna likizo. Valerian alieleza kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi kwamba Mzee Mikeka ni mapacha. Mmoja kazi yake kufa, mwingine kazi yake kwenda kuchukua filamu inayofuata. Ndiyo maana sura inaonekana imechoka: zimo sura mbili pale.

— Sasa yule uliyembeba wewe, mtani, alikuwa yupi? Maana inawezekana ndugu yako ni yule mwingine.

Watu wakacheka, na Mhina akacheka pia, kwa sababu mtani akikupiga unacheka. Lakini moyoni alikereka. Hakuudhika kwa ajili ya nafsi yake. Aliudhika kwamba mtu amefanya kazi vizuri miaka yote hiyo, na malipo yake yamekuwa ni kuambiwa amesinzia. Akaamua leo hatakubali yaishie kwenye kicheko, akaanza kisa upya, na wao wakamwachia, maana kukisikia walikuwa wanapenda ingawa wasingekubali kusema.

Siku hiyo Mhina alikuwa amepeleka mahindi Korogwe. Akakuta wanatafutwa wanaume wanne wa kubeba jeneza la filamu, akajitolea. Mwongozaji, kijana wa Dar es Salaam, alitaka wajaze mchanga ndani ya jeneza ili wabebaji waonekane wamelemewa. Mzee Mikeka akakataa.

— Alisema hivi, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Watu wakibeba mchanga wanatembea kama wapagazi. Wakinibeba mimi watatembea kama ndugu. Akajilaza mwenyewe, jeneza bila kifuniko, sanda mpaka shingoni, jua la saa saba.

Wakambeba. Kaburi la filamu lilikuwa limechimbwa kweli, na waombolezaji walikuwa watu wa kambi ya mkonge. Ila kuna mmoja ambaye hakuna aliyemwambia kitu. Bernardo, baba mdogo wa Valerian, alikuwa anatoka zake shambani na panga begani. Hakuiona kamera. Alichoona ni Wazigua wamebeba jeneza. Kwa Mnyamwezi, mtani wao wa misibani, hiyo ni kazi imemwita. Akatupa panga, akapenya katikati ya watu, akaruka kaburini na kujilaza chini, akatangaza kwamba Mzigua huyu haingii mpaka yeye apewe jogoo, maana marehemu katika uhai wake alikuwa mchoyo na domo lake linajulikana.

Hapo Valerian alinyoosha mgongo. Alisema huo ndio uigizaji, na kama ile sehemu isingekatwa, leo baba yake mdogo angekuwa na mabango yake mjini.

— Mwongozaji alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, Mhina akaendelea. Waombolezaji walikuwa hoi kwa kicheko. Mimi mwenyewe bega lilikuwa linatetemeka. Bernardo kule chini anamwita marehemu mla panya. Na marehemu mwenyewe ndani ya jeneza, kimya. Shavu halikucheza. Tulimtua pale ukingoni, nzi akatua mdomoni mwake, akatembea mpaka puani, na yeye ametulia. Nendeni mkanitafutie kijana wa sasa anayeweza hivyo.

Jabiri akasema labda alizimia kwa joto.

Kuna jambo moja Mhina hakuwahi kulisema pale benchini, na siku hiyo lilimfika kwenye ulimi akalirudisha. Walipomtua ukingoni, sanda ilisogea upande wa Mhina, miguu ikabaki wazi. Akaona kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekunjwa na kubanwa mpaka kimepauka. Jioni yake, walipokuwa wanakula bada, ule ugali wa muhogo, pamoja kwa shemeji yake Mhina, alimuuliza. Mzee Mikeka akacheka sana, akamwambia kwamba kicheko kikimjia, au kilio, hukipeleka kule chini akakibana hapo, na uso unabaki huru. Akamwomba asimwambie mtu. Kisha akalamba vidole, akasema hajala bada kama ile tangu utoto wake, na kwamba siku moja atafika Handeni nyumbani kwa Mhina, apikiwe tena.

Tangu hapo, kila mavuno ya muhogo, Mhina hutenga debe moja la makopa, muhogo mkavu wa kusagia bada. Huyaita ya mgeni. Wadudu huyala, na msimu ukija hutenga mengine. Mwanawe Hajira ameshachoka kumuuliza. Namba ya simu aliyoandikiwa siku ile imo mpaka leo ndani ya mfuko wa koti lake la sikukuu ya Idi, na hajawahi kuipiga. Alikuwa anaona haya. Mtu maarufu, utamwambia nini, mimi ni yule wa jeneza?

Wakati wote huo palikuwa na binti amekaa upande wa juu wa nguzo, begi miguuni, anasubiri gari la Kang'ata. Alikuwa amewaamkia vizuri alipofika, shikamooni wazee, akajitambulisha kwa jina la Edna, muuguzi, anakwenda kuripoti kwenye zahanati kwa mara ya kwanza. Sabiri alimpa kikombe. Alisikiliza jogoo, nzi na mapacha, akicheka kwa adabu huku akijizuia asiteremke. Kikombe kilipoisha akakirudisha kwa mikono miwili.

— Samahanini wazee. Huyo mzee mwenyewe bado yupo?

— Yupo wapi? akauliza Sabiri.

— Nauliza kama yu hai.

Valerian akasema jana si kaonekana, halafu akajijibu kwamba ile ya jana ni ya zamani. Jabiri akasema kuna mpya ya mwaka jana, au mwaka juzi, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia njiani. Walikuwa wamemwona akifa mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria iko siku mzee atakufa bila kamera.

Mhina akamgeukia Jabiri.

Jabiri akatoa simu, akaandika, akangoja mtandao, akatelezesha kidole. Akasimama kwenye picha moja. Mzee Mikeka, sanda mpaka shingoni, pamba puani. Chini yake watu wameandika: pumzika mzee wetu, tutakukumbuka. Akashusha, akaikuta picha ile ile imewekwa mwaka mwingine, na rambirambi nyingine. Akaikuta ya tatu. Chini ya moja mtu ameandika, hii ni filamu jamani, na mwingine amemjibu, safari hii si filamu.

— Sasa hapa ukweli ni upi? akauliza Valerian.

Mhina akanyoosha mkono.

— Nionyeshe miguu.

— Miguu ya nini, mzee?

Akawaambia. Miaka kumi na nane alikuwa ameitunza siri ile, na sasa aliitoa yote pale nyuma ya stendi, mbele ya binti asiyemjua: kidole, jinsi kilivyopauka, kicheko na kilio vinavyopelekwa chini. Alisema kama kidole kimekunjwa, basi mtu yuko kazini. Alipomaliza, Jabiri akaikuza picha, akaisogeza chini kwa kidole chake cha ufundi, taratibu. Ikaonekana shingo, kifua, mikono chini ya sanda, magoti. Kwenye magoti picha ikaisha.

Wote wakamgeukia Valerian. Ni wakati wake. Kwenye msiba wa Mzigua mtani wa Kinyamwezi ndiye mwenye uwanja. Valerian akachukua kashata, akaishika tu. Angetania hapo, ingekuwa amekubali kwamba kuna msiba. Akanyamaza, na Mhina akamshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza kule kuliko kwa maneno yote waliyowahi kupeana.

Gari la Kang'ata likapiga honi. Edna akaaga, akasema nisameheni, sikujua. Mhina akamwambia hana kosa, akamtakia kazi njema. Sabiri akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha. Akaanza kukunja vyake.

— Mzee Mhina, akasema Jabiri, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo badala ya Jeneza. Mimi nitaitafuta miguu. Popote ilipo, nitaipata.

Nyumbani Mhina alimkuta Hajira uani na ungo. Debe la makopa limefunguliwa, unga wa wadudu umejaa juu.

— Baba, haya yamekwisha. Niwamwagie kuku?

— Pepeta, uyaanike.

— Ya mgeni?

Mhina akakikunja kidole gumba cha mguu wa kushoto ndani ya kandambili, akakibana kwa nguvu zake zote, mpaka sauti ilipokubali kutoka.

— Ya mgeni.