Kadi ya Kibogoyo

"Chuo hakimpokei bila bima yake mwenyewe," mama fundi cherehani alimwambia baba mmoja aliyeketi naye kwenye basi. "Leo nimemtoa binti yangu kwenye bima ya familia. Malipo yameniuma, lakini kumtoa ndiko kumenimaliza."

"Mimi wangu nilimtoa juzi. Kadi yake ya zamani umerudisha?"

Fundi akachekea kwenye mtandio. "Nimewaambia imepotea. Ina picha yake ya darasa la kwanza, kibogoyo, meno ya mbele yote hana."

"Mimi ya wangu niliirudisha. Nikajiona mtu wa sheria kweli." Kisha akasema taratibu, "Dada, naomba niione hiyo yako."

Fundi akampa. Baba akaishika kwa mikono miwili, akamtazama mtoto asiye wake. Basi likasimama kwenye kituo chake cha kushukia, naye hakuinuka.