Picha ya Angani Niliyoisoma Kichwa Chini

Ndugu zangu wa usharika, nianze na aibu yangu ili tumalizane nayo mapema. Yule mtu aliyeziambia nyumba nne za chini ya mfereji zisifunike kahawa iliyoanikwa, siku ile mvua iliponyesha mpaka kuku wakaingia jikoni bila hodi, ni mimi. Wengi mnajua. Wasiojua wanageuka sasa hivi kuniangalia, nawaona.

Mnanifahamu kuwa ni mtu wa nyumbani. Nikifika Sakina, hapo chini tu, nahesabu nimesafiri. Elimu yangu kidato cha nne, na matokeo yake tuyaache yalale. Mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye mambo ya satelaiti?

Nilisikia redioni kwamba nchi yetu inajiandaa kurusha satelaiti yake. Wakasema kurusha peke yake hakutoshi, lazima huku chini wawepo watu wa kupokea inachosema, na chuo kimoja mjini kitafundisha yeyote anayetaka kujitolea. Mimi nikisikia "yeyote" najua nimetajwa. Nikasoma siku mbili. Nikarudi na kidude cha mwalimu cha kuazima, cha kuchomeka kwenye kompyuta, nikaunga antena kwa mabomba ya alumini, mume wangu akaisimamisha juu ya nguzo karibu na banda la kuku. Satelaiti ya kwetu ilikuwa bado inajengwa, na mpaka leo bado, kwa hiyo tulijifunzia za hali ya hewa za mataifa mengine. Ikipita juu, kidude kinalia kama nyenje, na picha ya mawingu inashuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Siku ya kwanza nilitoa machozi. Uji ukaungua.

Kosa langu ni hili. Satelaiti ikija kutoka kaskazini, picha inatoka sawasawa. Ikija kutoka kusini, picha inatoka kichwa chini, ni kazi yako kuigeuza. Mwalimu alisema. Nadhani alipokuwa anasema mimi nilikuwa nachagua andazi. Basi asubuhi ile nikaona kwetu kweupe, mawingu yote yako mbali, nikatoka nikatangaza: mvua hakuna, iacheni kahawa mezani mwende sokoni. Kumbe mawingu yale yalikuwa juu ya vichwa vyetu. Kahawa ikalowa, ikaota ukungu, kazi ya msimu mzima. Jirani yangu wa nyumba ya kwanza alinijia na konzi ya kahawa nyeusi inayonuka, akanishikisha mkononi. "Mama, hii ndiyo picha," akasema. "Isome."

Hapo nikaanguka. Nikaitwa Mama Mawingu. Nikienda kuteka maji mtu ananiuliza kama leo avae koti. Nikaacha kuja ibadani wiki nyingi, nikasingizia mguu. Mchungaji akauombea. Mguu ulikuwa mzima. Antena nikaishusha, nikaanikia nguo.

Halafu mwalimu akapanda mlima kuja kuchukua kidude chake. Akaamkia vizuri, akanywa chai, akasifu migomba. Kisha akasema kwa upole, "Mama, tumepata mtu mwenye diploma. Hii ni programu ya taifa, siyo kikundi cha kusuka vikapu."

Ndugu zangu, nawaambia, angekuwa mkali ningempa kidude chake. Ule upole ndio ulioniwasha.

"Mwanangu," nikamwambia, "hilo taifa liko wapi? Mimi simo?"

"Mama, picha uliisoma kichwa chini."

"Mara moja. Na kijiji kizima kimehakikisha sitasahau. Huyo wa diploma nani amemcheka mpaka akajifunza?"

Akakuna kichwa. "Haya. Tuma picha kila siku mpaka masika yaishe, na useme mvua iko wapi. Ukikosea tena nakuja kukichukua."

Siku ile ile nguo zikashuka, antena ikapanda.

Nikajiwekea sheria: sifungui mdomo kabla sijaliona Ziwa Victoria. Likiwa kushoto kwetu, picha imesimama. Likiwa kulia, geuza kwanza, ongea baadaye. Nilituma nikiwa na malaria, kompyuta iko tumboni. Nilituma siku ya kipaimara cha binti yangu, wageni wanasubiri pilau. Walionipitia wakaniuliza nchi yenye shule zisizo na madawati inatafuta nini angani. Niliwajibu, na leo nawajibu tena: mvua inayotulisha inatoka huko huko. Tutaomba picha za mawingu yetu kwa watu mpaka lini?

Wiki iliyopita mwalimu alipiga simu. Masika yote sijakosea. Siku satelaiti ya kwetu itakapopanda, kati ya vituo vitakavyoisikiliza na hiki changu kimo, pale bandani kwa kuku. Najua inaweza kuanguka siku ya kwanza. Ikianguka tutajenga nyingine. Mimi nimeshaanguka, na mnaniona nimesimama hapa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyepanda ile nguzo mara nyingi kuliko anavyopanda kitandani kwa hiari. Namshukuru baba mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, aliyenipa waya na kuniambia, "Ukikosea tena, usitaje duka langu." Na ninyi mliocheka, asanteni. Wewe unayejificha nyumbani kwa kosa ulilofanya mchana kweupe, toka ukalirekebishe mchana huo huo, wakikuangalia.

Jirani yangu wa nyumba ya kwanza amekaa benchi la tatu, hajatabasamu bado. Nilipompelekea habari ya ile simu aliendelea kupalilia, wala hakunyanyua uso. Akasema hivi, namnukuu neno kwa neno: "Kama nchi imeishiwa watu mpaka imekuchukua wewe, basi nenda kafanye kazi, na usituaibishe."