Mistari Saba Kabla ya Kengele ya Jumanne: Maylis Bordenave Anakabidhi Kamba

Tarehe 30 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, Bibi Maylis Bordenave atakabidhi ufunguo wa stoo ya rangi, na Idara ya Barabara ya mji wetu wa Montarrou itabaki bila fundi wake wa rangi wa miaka thelathini na tisa na miezi minne. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1985, mwanamke pekee katika kikosi cha watu kumi na wawili. Wenzake walimpa wiki mbili. Wote waliompa wiki mbili wameshastaafu, na yeye ndiye aliyewachorea mistari ya maegesho siku za hafla zao.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimeshika ncha ya pili ya kamba yake kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nimeambiwa niandike ukurasa mmoja na nisilalamike. La ukurasa mmoja nitajitahidi.

Maylis ni binti wa mchunga kondoo wa milimani, na rangi aliijulia kwenye migongo ya kondoo wa baba yake, maana kila mwenye kundi huko hutia alama yake. Anasema barabara ni kazi nyepesi kwa kuwa angalau haikimbii. Vifaa vyake havikubadilika: chaki, rola, na kamba ya katani yenye mafundo, ambayo ndiyo iliyompa jina la Mama Kamba. Mwaka 2009 idara ilinunua chombo cha kupimia mistari kwa mwanga. Maylis alikipima kwa kamba yake, akakikuta kimekosea kwa upana wa vidole viwili, akakirudisha kwenye boksi lake kwa heshima zote. Lami kama imekauka huijua kwa mgongo wa mkono, namna mama anavyompima mtoto homa.

Amepaka kila kitu katika mji huu, kuanzia njia ya mabasi ya stesheni hadi kituo cha gari la wagonjwa. Lakini kazi iliyomjengea jina ni kivuko kimoja tu, chini ya mteremko wa shule.

Kila Jumapili ya Pentekoste, tangu 1934, magari ya mashindano hutimua mbio katika mitaa yetu. Siku hizi hukimbia magari ya kale tu, yenye matairi membamba, na madereva wake wana mvi nyingi kuliko mimi. Hushuka mteremko wa shule kwa kasi ya kutisha, na mahali wanapokanyaga breki ili waikate kona ya stesheni ni juu ya kivuko cha watoto hasa. Rangi nyeupe ikipata maji huteleza kama sabuni, na mvua ya Mei hapa Montarrou si jambo geni. Kwa hiyo kabla ya mashindano mistari yote saba hukwanguliwa kwa mashine mpaka lami ibaki tupu, na baada ya mashindano hupakwa upya. Hilo kila mtu analijua. Zamani lililokuwa halijulikani ni baada ya muda gani.

Mwaka 1987 mashindano yalikwisha, vikombe vikagawiwa, na kivuko kikasahaulika. Maylis aliuliza siku ya tatu, akauliza siku ya nane. Msimamizi wa wakati ule alimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Siku ya kumi na sita, Sandrine Pucheu, mtoto wa miaka saba, alivuka pale pale alipozoea kuvuka, juu ya lami tupu, na gari la mikate likamgonga. Mguu wake ulivunjika mara mbili.

Dereva wa gari hilo nilikuwa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, sikuwa nimelewa, wala sikuwa nakimbiza gari. Polisi waliandika hivyo, na wazazi wa Sandrine, Mungu awabariki, walikubali hivyo. Mimi ndiye nisiyekubali. Nilirudisha funguo za gari kwa mwokaji nikakaa ndani kwa mama yangu, nikiangalia ukuta.

Wiki ya tatu Maylis alikuja na ndoo mkononi. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Gratien, unaweza kushika kamba?" Nikasema naweza. Akasema: "Basi amka. Mimi nina mikono miwili tu, na kivuko kina pande mbili."

Siku hiyo nilimsikia akiweka nadhiri, ingawa yeye hawezi kuiita hivyo. Alimwambia msimamizi mbele ya kikosi kizima kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii imevunja mguu. Kuanzia mwaka uliofuata, magari yatakimbia Jumapili, na Jumanne, shule ikifunguliwa baada ya sikukuu, mtoto wa kwanza atavuka juu ya rangi iliyokauka. Tangu wakati huo tumekuwa na mashindano thelathini na tano, tukiiacha miaka miwili ya korona. Mara thelathini na tano kengele ya saa mbili na dakika ishirini imelia, na mistari saba imekuwapo.

Haikuwa bila vita. Rais wa chama cha mashindano, Kanali Destandau, mstaafu wa jeshi na mtu wa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, alitaka vizuizi vya chuma vilivyofunga barabara hadi kivukoni vibaki Jumatatu nzima kwa ajili ya wapiga picha. Maylis alitaka viondoke kabla ya saa nane mchana. Kila mwaka walibishana, na kila mwaka saa nane ilimkuta Kanali akitazama barabara tupu. Baada ya hapo Maylis hutupakulia supu ya kabichi na maharage kutoka sufuria yake mwenyewe, tunakunywa tukiwa tumesimama, halafu tunasuuza sahani kwa divai kidogo na kuigugumia divai hiyo pamoja na mafuta ya supu, kama ilivyo desturi ya kwetu. Kanali naye husuuza. Ugomvi wao haujawahi kuvuka supu.

Wakongwe hawatanisamehe nikimsahau yule Mwitalia wa 1994, mshindi wa mwaka ule, aliyekuja Jumatatu jioni kujionyesha kwa gari lake jekundu, akapita juu ya rangi mbichi. Maylis hakupiga kelele. Alifuata alama nyeupe za matairi mtaa kwa mtaa hadi mlangoni mwa hoteli, akamkuta mshindi mezani, akamkabidhi rola. Bwana yule alirudi na suruali yake nyeupe, akapaka mistari miwili. Yake ilipinda, na Maylis aliirudia bila kumwambia.

Kuna jambo moja ambalo hatujawahi kulizungumza. Kila mtu wa kikosi ameshapaka mistari ya kivuko kile, nami pia. Lakini mstari wa nne, ule wa katikati, alipoangukia Sandrine, Maylis aliupaka mwenyewe kila mwaka. Nikikaribia hapo, alichukua rola mkononi mwangu kama mtu anayepokea mzigo, nami nikarudi ukingoni kushika kamba. Mara thelathini na nne. Nilishukuru kila mara, na kila mara niliona haya.

Mwaka huu mvua ilianza Jumamosi na haikukoma. Jumatatu asubuhi chama cha mashindano kilitoa taarifa kwamba malori ya kubeba vizuizi yangekuja Jumatano. Mkuu wetu, Bwana Cazaubon, ambaye si mtu mbaya, alimwomba Maylis akubali: watoto wapitie uchochoroni, mara hii moja tu, isitoshe ni mwaka wake wa mwisho. Maylis alikuwa anafunga viatu. Alimjibu bila kuinua kichwa: "Mara moja ndiyo iliyomvunja mguu mtoto wa Pucheu."

Akachukua spana. Tulikuwa watano, na vizuizi ni vizito kuliko vinavyoonekana kwenye picha. Kizuizi cha tisa kilikuwa kinalegea Kanali Destandau alipofika na mwavuli. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye vifungo. "Bibi Bordenave," alisema, "mimi nimestaafu jeshi bila kushindwa vita, lakini kwako sijashinda hata mara moja." Kisha aliwaita mafundi wake. Walikuja na turubai la karakana wakalitanda kama paa juu ya kivuko, na marobota ya nyasi kavu yanayowekwa kwenye kona wakayapanga juu ya mteremko, ili maji yanayotiririka yageukie mfereji. Tukaikausha lami kwa moto wa gesi, hatua kwa hatua. Maylis alipiga magoti, akaweka mgongo wa mkono, akatikisa kichwa. Moto tena, mkono tena. Saa kumi na moja jioni alikubali.

Tulipaka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikarudi ukingoni kushika kamba kama kawaida. Maylis alinifuata, akaichukua kamba mkononi mwangu na kunipa rola.

"Wa nne ni wako," alisema. "Mwaka ujao mimi sipo."

Nilimwambia siwezi. Alisema anajua, na kwamba lami hiyo haitabaki kavu ikinisubiri niweze. Nikaenda. Mstari ulinyooka, kwa sababu kamba ilikuwa mkononi mwake.

Jumanne asubuhi mvua iliendelea, turubai likaondolewa, na rangi haikutoka. Watoto walivuka wakipigana miavuli, bila kutazama chini, na ndivyo inavyotakiwa. Sandrine Pucheu, ambaye sasa ana duka la dawa mlango wa tatu kutoka shule, na ambaye siku za baridi bado huchechemea kidogo, alitoka na koti lake jeupe. Alivuka hadi upande wetu, akamshika Maylis mkono, akanishika na mimi. Kisha akarudi kazini kwa njia ile ile.

Sasa lile la kulalamika. Bwana Cazaubon ameshabandika ubaoni kwamba, kuanzia mwaka ujao, kivuko cha shule kitapakwa "ndani ya siku kumi za kazi". Naomba radhi kwa kulisema katika karatasi ya sherehe, lakini ninyi nyote mtaisoma leo, na ubao hausomwi. Kamba ya mafundo Maylis ameniachia mimi. Mimi nina miaka minane kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo minane tangazo lile halitatumika.

Asante, Maylis, kwa mistari, kwa supu, na kwa swali lile ulilouliza ukiwa na ndoo mkononi. Nenda ukapumzike kwenye milima ya baba yako, ule vizuri, ulale mpaka jua likuchoke. Kikosi kizima kinakutakia maisha mema na marefu. Lakini Jumanne ya baada ya Pentekoste ijayo, ukipata nafasi, shuka mjini kabla ya saa mbili na dakika ishirini, uweke mgongo wa mkono wako juu ya mstari wa nne. Utakuta umekauka.

Gratien Lahourcade
kwa niaba ya Kikosi cha Rangi