Mzee Subiri na Jenereta Lisiloharakishwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasha, kuzima na kukataa kukimbizwa, fundi wetu wa jenereta anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamjua kama Mzee Subiri.

Jina hilo lilipatikana kwa jasho, ingawa jasho lilikuwa la wengine. Petroli ikiisha, Mzee huzima mashine, huvuta kigoda, hutazama saa na kusema, "Subiri ipoe." Dakika kumi na tano, si pungufu. Aliwahi kumwacha Mkurugenzi katikati ya hotuba, mbele ya wageni, akiipigia kelele maikrofoni iliyokufa. Alipotumiwa mjumbe wa kumhimiza, alimwambia mjumbe naye aketi. Petroli haimiminwi kwenye mashine ya moto hata kama hotuba ni tamu, nayo haikuwa tamu. Alipewa barua ya onyo, akaipokea kwa mikono miwili.

Vituko vyake havikuishia hapo. Jenereta lilikaa uani, chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta, hatua ishirini kutoka dirisha la karibu. Hatua hizo alizihesabu upya kila Jumatatu, kana kwamba uwanja husinyaa wikendi. Birika la umeme la Mhasibu, akidai linalemea jenereta, alilichomoa mara nyingi zaidi kuliko Mhasibu alivyokunywa chai. Tulimcheka sana, hasa sisi wenye shahada.

Mwaka jana akachukua likizo ya siku saba kumwoza binti yake. Umeme ukakatika, mvua ikanyesha, nasi wasomi tukaitisha kikao. Kikao kiliamua, bila kupingwa, kwamba jenereta lisilowe. Tukalibeba hadi kwenye korido ya masjala, tukaliwasha, tukafunga milango na madirisha ili mvua isiingie, tukapongezana.

Vichwa vikaanza kuuma, tukalaumu hali ya hewa. Mama Masjala, ambaye hajawahi kusinzia kazini, akalalia mafaili. Tukamcheka. Mwandishi wa wasifu huu alimpiga picha.

Mzee alikuja kugawa kadi za harusi. Aliposikia mngurumo unatoka ndani ya jengo hakumsalimu mtu, naye ni mtu wa salamu ndefu. Alizima mashine, akafungua kila mlango, akambeba Mama Masjala hadi nje mvuani, kisha akaturudia mmoja mmoja, akitusukuma kama mbuzi. Mkurugenzi alilalamikia viatu vyake. Mama alilazwa siku nne. Sumu iliyomo kwenye moshi ule, daktari alitueleza, haina harufu wala haibishi hodi.

Taarifa rasmi iliandika "hitilafu ya kiufundi". Hitilafu yenyewe ilikuwa ya watu tisa wa kikao kile, na wote bado wako kazini. Barua ya shukrani haikuandikwa, na ile ya onyo haijatolewa kwenye faili.

Mzee, tulikuita msumbufu. Naona aibu kuandika haya, na nitayaandika hivyo hivyo: tulikosea, utusamehe. Asante kwa kila dakika uliyotuchelewesha. Kapumzike, ukae na wajukuu, wala asikukimbize mtu. Tunakutakia maisha mema. Yetu tunayo kwa sababu ulikuja kutualika harusini.